Kupata Joto Nyumbani Wakati wa Kipupwe

Kahawa Wendani ni mtaa ulio kando ya barabara kuu itokayo Nairobi kwenda Thika, katika Kaunti ya Kiambu, karibu na Chuo Kikuu cha Kenyatta. Mahali hapo pako kusini kidogo ya Ikweta, na mgeni aweza kudhani kwamba baridi haijulikani huko. Lakini nchi imeinuka zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, na kuanzia Juni hadi Agosti upepo wa kusi huleta mawingu mazito yanayoweza kulificha jua siku nyingi mfululizo. Usiku wa Julai joto hushuka mara nyingi hata kufikia digrii 11 au 12, na nyumba nyingi za kupanga hazina mahali pa kuotea moto.

Hapo zamani wazee wa Kikuyu walijenga nyumba za mviringo zenye paa nene la nyasi. Moto uliwaka katikati juu ya mafiga matatu, na mbuzi walilala humo humo wakiongeza joto. Moshi ulipenya katika nyasi ukatoka nje. Nyumba ile ilitunza joto, na papo hapo ilivuta pumzi. Nyumba ya siku hizi ina kuta za mawe, sakafu ya saruji, madirisha ya vioo na mlango wa chuma. Mtu akiingiza jiko la makaa chumbani na kufunga kila tundu, adhani anafuata desturi ya babu zake. Kumbe nyumba si ile tena.

Hatari yenyewe ni hewa iitwayo kaboni monoksaidi, ambayo makaa huitoa yanapowaka. Haina rangi, haina harufu, wala haiwashi macho. Ikivutwa, hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, hata damu ishindwe kupeleka mwilini hewa ya uhai. Mtu huumwa kichwa, huona kizunguzungu na kichefuchefu, kisha viungo hulegea. Aliyelala hasikii dalili hizo, naye aweza kufa usingizini. Watu wengi hungoja moshi uishe ndipo waingize jiko, wakidhani kwamba makaa mekundu yasiyo na moshi ni salama. Sivyo hata kidogo. Beseni la maji kando ya jiko halisaidii neno. Hata jiko la bati lenye udongo ndani, lililoenezwa Kenya tangu miaka ya 1980, hupunguza matumizi ya makaa, lakini haliondoi sumu hiyo.

Kwa hiyo kila mwenye nyumba hana budi kushika kanuni moja: penye moto, dirisha liwe wazi, palipofungwa, moto usiwemo. Jiko la kupikia litumiwe penye hewa, na kabla ya watu kulala litolewe nje. Akionekana mtu amelegea chumbani mwenye jiko, milango ifunguliwe, atolewe nje upesi, kisha apelekwe hospitali bila kukawia.

Je, mtu mwenye mshahara mdogo apate joto kwa njia gani? Shauri jema ni kulitunza joto lililopo kuliko kununua jingine. Katika miezi hii jua liko upande wa kaskazini. Yafaa basi mapazia ya upande huo yafunguliwe mchana jua litokapo, na yote yafungwe kabla ya magharibi. Nguo mbichi zisianikwe chumbani, kwa maana unyevu huongeza baridi na kuotesha ukungu ukutani. Madirisha yafunguliwe kitambo adhuhuri ili unyevu utoke.

Nafasi iliyo chini ya mlango yaweza kuzibwa kwa nguo kuukuu iliyokunjwa, maadamu hakuna moto ndani. Lakini matundu ya hewa yaliyo juu ya dirisha yaachwe. Godoro lililo juu ya saruji hupoteza joto kwa chini. Makatoni makavu au mkeka chini yake husaidia sana. Mablanketi mawili mepesi hushinda moja zito, kwa kuwa hewa iliyokaa katikati yao huzuia joto lisitoke.

Maji ya moto nayo ni msaada mkubwa. Hita ya umeme ya wati 2,000 hula uniti mbili kwa saa moja. Kuchemsha lita mbili za maji hula chini ya robo ya uniti, na maji hayo yakitiwa katika chupa ya mpira hutia joto kitandani kwa saa kadhaa. Chupa ifungwe barabara na kuvikwa kitambaa, isije ikamchoma mtoto au mzee.

Mengine yamo mikononi mwa mwenye nyumba ya kupangisha. Chumba kilicho chini ya mabati matupu hupoa upesi jua likishatua, kwa sababu mabati hupitisha joto kwa wepesi sana. Dari la mbao laweza kupunguza hasara hiyo, na kioo kilichovunjika kikirudishwa upepo hukoma. Mpangaji hawezi kuyafanya hayo peke yake, lakini wapangaji wakipeleka ombi kwa pamoja, mara nyingi husikizwa.

Wendani ni neno la Kikuyu lenye maana ya upendano. Yampasa jirani akiona jiko linaingizwa chumbani jioni na mlango unafungwa, asione haya kubisha hodi. Tahadhari kabla ya hatari.