Mwani, kamba na maji tunayokunywa

Mvua ikinyesha Bukavu, mifereji huteremsha chupa na sashe za plastiki hadi ziwa Kivu. Kutoka huko zinafika kwenye bwawa la Ruzizi, zinaziba mitambo, na umeme unakatika. Hata vichujio vingi vya kisasa vya maji vina tando za plastiki, nazo zikichakaa huwa taka. Je, kuna utando unaochuja kisha ukarudi udongoni?

Upo, na asili yake ni baharini. Alginati hutoka katika mwani wa kahawia. Mkemia Mwingereza Stanford aliitambua mnamo 1881. Kitosani hutoka katika magamba ya kamba na kaa, ambayo kwa kawaida hutupwa.

Kazi yenyewe inaeleweka. Unga wa alginati hukorogwa katika maji hadi uwe kama uji, humwagwa juu ya kioo na kuachwa ukauke. Kisha utando huo hutumbukizwa katika maji yenye chumvi ya kalsiamu. Kalsiamu hufunga nyuzi zake pamoja, nao hauyeyuki tena. Kitosani huyeyushwa kwa asidi kama ile ya siki, hukaushwa, halafu huoshwa kwa soda kostiki ili isiyeyuke. Ili kupata vitundu, huchanganywa na kitu kinachoyeyuka, ambacho baadaye huoshwa na kutoka. Kitosani huvuta matope na metali nzito kama risasi.

Lakini tusidanganyane. Kinachoufanya utando huu uoze ndicho kinachoudhoofisha: hunywa maji, huvimba, na bakteria huula. Hapa Kivu ya Kusini tunaijua kolera; maji yaliyochujwa bado yachemshwe au yatiwe klorini.

Zanzibar walianza kulima mwani wa biashara mwaka 1989, na wakulima wengi ni akina mama. Mwani wao ni wa aina nyingine, unaotoa karajinani ya kugandisha vyakula. Sehemu kubwa huuzwa mkavu, na faida kubwa hubaki kwa wanaousindika.

Sisi wa Miti tuko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka baharini, lakini somo linatuhusu. Mungu alituweka kuitunza bustani, tusiijaze taka. Tuanze na sashe iliyo mkononi: isiende mferejini. Na vijana wetu wasome kemia.