Kinga, Mzigo na Chakula cha Njiani

Ndugu mfanyakazi, umepata konje. Unafunga mzigo juu ya kinga pale Kasongo, unataka kufika kwa wazee Kabambare. Njia ni ya udongo, inapita kilomita 100. Wengi wanaangalia mipira na mnyororo tu. Wewe anza na breki. Kinga yenye gunia la mchele haisimami kama kinga tupu, na rimu zilizolowa mvua zinateleza. Kabla ya mteremko, kamata breki kidogo kidogo ili maji yatoke. Mteremko ukiwa mkali, shuka utembee; hakuna atakayekucheka. Na kofia ya mgodi? Ilitengenezwa kwa jiwe linaloanguka toka juu, si kwa mtu anayeangushwa na kinga.

Sasa tumbo. Ukikanyaga kwa nguvu, akiba iliyo katika misuli inaisha kwa saa moja na nusu au mbili. Hapo miguu inalegea, macho yanachoka, ndipo watu wanaanguka. Basi usingoje njaa: kila saa kula kidogo, ndizi mbivu, wali wa asubuhi, karanga. Mama, muhogo peke yake haujengi mwili. Ongeza samaki mkavu. Muhogo mchungu ulowekwe siku tatu nzima, maana una sumu inayoweza kulemaza miguu.

Maji ya kunywa yachemshwe. Jasho likizidi, tia katika lita 1 sukari vijiko vidogo 6 na chumvi nusu kijiko kidogo, vyote vya kusawazishwa.