Fildi ya Kujilipia

Mwanafunzi wa chuo anayetafuta fildi mjini Tabora huwa na bahasha yenye nakala kadhaa za barua moja. Anapeleka moja manispaa, nyingine ofisi za reli, nyingine benki, na ya mwisho anamwachia mjomba anayemfahamu mtu mahali fulani. Majibu, yakija, hufanana: "Nafasi ipo, mwanangu, ila hapa hatutoi hela." Mwanafunzi anashukuru na kuondoka. Atakula nini kwa wiki nane, na nauli ya kila siku ataitoa wapi, ni mambo ambayo hayamo kwenye barua wala kwenye fomu ya tathmini atakayojaza msimamizi wake.

Swali hilo la chakula na nauli liliulizwa Tabora kabla ya chuo chochote kujengwa. Katika karne ya 19, mji huu ulipokuwa kituo kikuu cha misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji, vijana wa Kinyamwezi walisubiri mvua zikatike na mavuno yaingie ghalani, kisha wakashuka pwani na pembe za ndovu mabegani. Walijitahidi warudi kabla ya majembe kuanza tena. Kwa kalenda ya leo, ndiyo ile miezi ambayo vyuo vingi hutoa wanafunzi wao kwenda fildi.

Mpelelezi Mwingereza Richard Burton alifika Kazeh, yaani Tabora, Novemba 1857, akiwa ametembea zaidi ya miezi minne kutoka pwani. Aliandika kwamba kwa Wanyamwezi upagazi ulikuwa kipimo cha utu uzima, hata watoto wadogo wakitwishwa vipembe begani ili wazoee. Burton alikuwa na dharau tele kwa watu wa huku, na si kila neno lake ni la kumeza. Lakini katika hili yuko na wenzake. Mwanahistoria Stephen Rockel, katika kitabu alichokitoa mwaka 2006, anawaeleza wapagazi wa njia hii kuwa ni wafanyakazi wa ujira waliokuwa na taratibu zao, heshima zao na madai yao.

Taratibu zenyewe zilikuwa wazi. Mzigo ulikuwa wa frasila mbili hivi, kama kilo 32. Ujira ulipatanwa kabla ya safari, kwa vitambaa, shanga au reali, na sehemu yake ilitolewa mapema. Posho ilikuwa jambo lake peke yake: kibaba cha nafaka kwa kila mtu kwa siku, au kitambaa cha kununulia chakula njiani. Kijana wa safari ya kwanza alikula kama mkongwe. Posho ikipunjwa, mizigo ilibaki chini, au asubuhi msafara uliamka ukiwa na watu pungufu. Kirangozi, aliyetangulia mbele, alikuwa amepanda cheo kwa miguu yake mwenyewe. Alijua visima vya Mgunda Mkali, lile pori kavu kati ya Ugogo na Unyamwezi, na alijua namna ya kuzungumza na machifu waliodai hongo, yaani ushuru wa kupita. Hakuna aliyemwomba cheti.

Nisieleweke vibaya. Njia hiyohiyo ilipitisha watu waliofungwa minyororo, ambao hawakupatana ujira na mtu. Ndui iliua wengi, na aliyezidiwa njiani mara nyingi aliachwa hapohapo. Sina hamu ya kurudi huko. Ninachokitazama ni ule mkataba wa mpagazi huru, kwa sababu ulijibu swali ambalo ofisi zetu nyingi zinalikwepa.

Tuna hata kisa cha msomi kijana aliyepata kazi katika njia hii. Mwaka 1872 mmisionari na mpelelezi David Livingstone alikaa miezi kadhaa kwenye tembe la Kwihara, kilomita chache nje ya Tabora, akisubiri watu ambao Henry Stanley aliahidi kumwajiria Unguja. Walifika Agosti, zaidi ya hamsini. Miongoni mwao walikuwamo vijana waliosomeshwa Nasik, huko India, kwenye shule ya wamisionari iliyopokea watoto wa Afrika Mashariki waliokombolewa utumwani. Shule hiyo ilifundisha kusoma na kuandika, na pamoja na hayo useremala na uhunzi. Mmoja wa vijana hao alikuwa Jacob Wainwright, Myao kwa asili.

Kwa mizani ya matangazo ya kazi ya siku hizi Jacob asingeitwa hata kwenye usaili, kwa kuwa hakuwa na miaka mitatu ya uzoefu. Lakini aliajiriwa kwa ujira, na elimu yake ikapata pa kutumika Livingstone alipofariki kijijini kwa Chitambo, mwaka 1873, katika nchi ambayo sasa ni Zambia. Jacob ndiye aliyeandika orodha ya vitu vya marehemu na kuchonga maandishi kwenye mti palipozikwa moyo wake. Ndiye aliyeweka kumbukumbu za safari ya kuubeba mwili, kupitia Unyanyembe, yaani eneo hili la Tabora, hadi Bagamoyo. Susi na Chuma, waliomtumikia Livingstone kwa miaka mingi, waliongoza safari hiyo kwa uzoefu wao. Jacob akaongeza kalamu. Aprili 1874 alikuwa miongoni mwa wachukuzi wa jeneza ndani ya Westminster Abbey, London. Baadaye alirudi Afrika, na akafia Urambo mwaka 1892, ndani ya mkoa huuhuu wa Tabora.

Sasa turudi kwa mwenye bahasha.

Tabora si maskini wa vyuo. Kuna Chuo cha Reli, Chuo cha Nyuki, Chuo cha Ardhi, tawi la Chuo cha Utumishi wa Umma ambalo wakongwe bado wanaliita Uhazili, Chuo Kikuu Kishiriki cha Askofu Mkuu Mihayo, VETA, na vyuo vya ualimu na afya. Karibu vyote vinamtaka mwanafunzi akafanye mafunzo kwa vitendo. Mwenye mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu anaweza kupata fungu la fildi ndani ya mkopo wake. Hapo ndipo hesabu inapochekesha, kama mtu ana moyo wa kucheka. Kijana anafanya kazi kwenye ofisi ya mtu kwa fedha aliyokopa mwenyewe, kisha akiajiriwa anakatwa asilimia 15 ya mshahara kila mwezi mpaka deni liishe. Kwa maneno mengine, amemlipia mwajiri gharama ya kumtumia. Asiye na mkopo, na hao ni wengi katika ngazi ya cheti, analipiwa na mzazi, au anafanya fildi mchana na kuuza chipsi usiku.

Na fildi yenyewe mara nyingi ni kupanga mafaili, kutoa fotokopi na kutumwa vocha. Simlaumu sana msimamizi. Mtu ambaye ofisi haimgharimu chochote ni rahisi kumsahau kwenye kiti cha kona. Anayelipwa, hata kidogo, lazima apangiwe kazi, kwa sababu mhasibu atauliza anafanya nini.

Tuliwahi kujaribu njia nyingine. Mwezi Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU, chama kilichotawala wakati huo, ilikutana Musoma na kugeuza utaratibu wote wa kuingia chuo kikuu. Aliyemaliza kidato cha sita asiende chuo kikuu moja kwa moja. Aende Jeshi la Kujenga Taifa, kisha afanye kazi miaka miwili, ndipo aombe nafasi akiwa na mapendekezo ya kazini kwake na ya chama. Ilikuwa kazi ya kweli, yenye mshahara. Azimio hilo lilikuwa na kasoro kubwa: wasichana walipungua chuoni, baadhi ya fani za sayansi zikakosa waombaji, na mapendekezo ya chama yalimpa mtu asiye mwalimu nguvu ya kuamua hatima ya kijana. Masharti yakalegezwa, kwanza kwa wanawake. Pamoja na hayo, nadhani tulilitupa jumla jumla mno. Wazo kwamba kazi na masomo vikutane mapema, na kwamba kazi ina ujira, halikuwa na kosa.

Nyerere mwenyewe, aliyekuwa rais wakati wa azimio hilo, alikuwa ameonja kazi ya namna hiyo hapahapa Tabora. Alisoma Tabora School, akaenda Makerere, na mwaka 1946 akaja kufundisha St. Mary's. Akiwa mwalimu kijana, kwa muda mfupi alifanya pia kazi ya kukagua bei madukani. Aliiacha alipoona taarifa zake za wafanyabiashara wanaopandisha bei hazifanyiwi kazi. Sijui kozi ipi ya utawala ingemfundisha jambo hilo kwa haraka hivyo.

Mifano ya kulipa tunayo. Daktari aliyehitimu hufanya mwaka wa utarajali hospitalini na serikali humlipa posho, kwa sababu kila mtu anaona kwamba anatibu wagonjwa. Jirani zetu Kenya walifika mpaka kwenye mgomo: mwaka 2024 madaktari waligoma, na moja ya hoja kubwa ilikuwa malipo ya watarajali, baada ya serikali kutaka kuyashusha hadi shilingi 70,000 za Kenya kwa mwezi wakati mkataba wa mwaka 2017 ulisema zaidi ya 200,000. Ujerumani mwanagenzi hulipwa na mwajiri tangu mwezi wa kwanza, na tangu mwaka 2020 sheria imeweka kima cha chini cha malipo hayo. Hapa kwetu serikali ilitoa mwongozo wa taifa wa mafunzo ya uzoefu kazini mwaka 2017, na kitengo cha serikali cha huduma za ajira huwapeleka vijana kwa waajiri. Ila mwongozo huo ni wa wahitimu. Aliyeko mwaka wa pili bado anabeba bahasha.

Waajiri wana hoja, na si ya kubeza. Mwenye karakana ya watu wanne pale mjini hawezi kuongeza mshahara wa tano kwa mtu ambaye ataharibu mbao kabla ya kujua kupiga randa. Huyo asidaiwe mshahara. Adaiwe mlo wa mchana na nauli, kama kibaba cha msafara. Waajiri wakubwa ni habari nyingine. Hao tayari wanalipa tozo ya kuendeleza ujuzi kutokana na mishahara ya wafanyakazi wao, na kwa miaka mingi sehemu kubwa ya tozo hiyo imeelekezwa kwenye mikopo ya elimu ya juu, VETA ikipata sehemu ndogo. Yaani fedha imeshatoka kwa mwajiri kwa jina la ujuzi, ikamfikia kijana kama deni. Ningekuwa mbunge wa huku, ningeshika hapo: fungu la fildi litoke kwenye tozo kama ruzuku, lisirudishwe.

Kazi yenyewe Tabora ipo, tena katika majira yanayojulikana. Reli ya kisasa inajengwa kwa vipande vitatu vinavyokutana hapa: kilomita 368 kutoka Makutupora, 165 kwenda Isaka na 506 kwenda Kigoma. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima hadi Tanga linakatiza Nzega na Igunga, na karakana ya kuyapaka mabomba utando wa kuzuia joto lisipotee iko Sojo, Nzega. Chuo cha Reli kiko umbali wa kutembea kutoka stesheni. Kwenye miradi ya aina hii kibarua wa kubeba nondo hulipwa kwa siku. Sioni kwa nini mwanafunzi anayeshika kipimo cha mwinuko asilipwe walau nusu yake.

Halafu kuna tumbaku. Soko likifunguliwa Urambo, Kaliua na Sikonge, vyama vya msingi huelemewa: marobota yapimwe, madaraja yaandikwe, makato ya pembejeo yatolewe, na mkulima ajue stahiki yake hadi shilingi ya mwisho. Wanafunzi wa uhasibu na wa utunzaji kumbukumbu wangefaa sana hapo, na chama kinacholipa makarani wa msimu kinaweza kumlipa mmoja wao. Tatizo ni kalenda. Soko huanza karibu na Aprili au Mei, na barua za fildi hutoka vyuoni Juni au Julai, wakati makarani wameshapatikana na mizani imeshasimikwa. Barua ziandikwe Februari, zipelekwe kwa katibu wa chama badala ya mjomba, na ziwe na mstari mmoja zaidi unaotaja chakula, nauli na malipo ya siku.