Kashata nene za tairi la theluji

Katika kibanda cha fundi pancha eneo la Ilala, Dar es Salaam, matairi ya mtumba hupangwa ukutani asubuhi na kurudishwa ndani jioni. Moja kati yake lilikuwa linavutia kuliko mengine yote. Kashata zake zilikuwa nene, mpira wake mweusi haukuwa na ufa hata mmoja, na ukilibonyeza kwa dole gumba linakubali. Juu ya kila kashata kulikuwa na mikato myembamba ya mawimbi, mingi na ya karibu karibu, kana kwamba mtu alipitisha wembe kwa subira mchana kutwa. Ubavuni, kwa herufi kubwa, lilikuwa na neno moja: STUDLESS.

Neno hilo ndilo lililomganda mwandishi wa makala haya, aliyekuwa amekwenda pale kuziba pancha tu. Lile lilikuwa tairi la theluji la Kijapani. Lilitengenezwa ili likanyage barafu, na sasa lilikuwa linasubiri mnunuzi kwenye mji ambao hata usiku wa Julai haukaribii nyuzi joto 7, baridi ambayo matairi kama hayo huundiwa.

Fundi mwenyewe hakushangaa. Anayaona mara kwa mara: mengine huja yakiwa yamefungwa kwenye magari yaliyotumika kutoka Japani, mengine huja ndani ya makontena ya matairi matupu. Anasema mteja huchagua kwa jicho na kwa dole gumba. Akiona kashata nene anaona faida, akibonyeza na mpira ukakubali anaona uzima. Tairi la theluji hufaulu mitihani yote miwili, tena kwa alama za juu, na hapo ndipo penye mtego. Fundi akijaribu kumweleza mteja kwamba hilo si la huku, wengine humdhania anataka kuwauzia la bei kubwa zaidi.

Kwa nini tairi lililotupwa Japani lifike huku likiwa bado na kashata za kutamanisha? Jibu lake lina historia. Zamani madereva wa kaskazini mwa Japani walitumia matairi yenye vipini vya chuma vilivyong'ata barafu. Barafu ilipoyeyuka, vipini vilikwangua lami, na vumbi lake likatanda mijini. Sendai ulikuwa mmoja wa miji iliyolalamika sana. Mwaka 1990 Japani ikatunga sheria ya kuyaondoa matairi hayo. Watengenezaji wakabaki na kazi ngumu: kupata tairi linaloshika barafu bila chuma, na hiyo ndiyo maana ya neno STUDLESS, yaani lisilo na vipini. Wakaunda mpira laini usiokakamaa kwa baridi, wenye vitundu vidogo vya kunyonya utando wa maji unaotanda juu ya barafu, na wakauchanja ile mikato inayofunguka na kung'ata kila gurudumu linapozunguka.

Tairi la namna hiyo hufanya kazi yake likiwa na kina tu. Ndiyo maana kati ya kashata huwekwa vituta vidogo vinavyojitokeza pindi nusu ya kina inapokwisha, na ubavuni kuna mishale inayoonyesha vilipo. Vituta vikilingana na kashata, dereva wa Sapporo, mji unaopata karibu mita 5 za theluji kwa mwaka, anajua kwamba tairi hilo halimfai tena kwa barafu. Analivua. Kwake limekwisha, ingawa bado lina milimita 4 au 5 za kashata, wakati kikomo cha kisheria cha tairi la kawaida huko kwao ni milimita 1.6. Zile milimita zilizobaki ndizo zinazovuka bahari.

Likifika kwenye joto, sifa zake zote humgeukia dereva. Mpira uliotengenezwa uwe laini chini ya nyuzi 7 unakuwa laini kupita kiasi juu ya lami iliyochomwa na jua la saa nane mchana. Zile kashata zilizochanjwa chanjwa huyumba kila gari linapokata kona, usukani unachelewa kuitika, na breki ya ghafla humaliza mita nyingi zaidi kabla gari halijasimama, hasa lami ikiwa na maji ya masika. Kule kuyumba kwa mpira huzalisha joto, na joto ni adui mkubwa wa tairi lililojaa mzigo na kukosa upepo wa kutosha. Zaidi ya hayo, matairi mengi ya theluji ya Kijapani yana herufi Q mwishoni mwa vipimo vyake, kama 195/65R15 91Q. Namba 91 ni mzigo usiozidi kilo 615 kwa kila tairi. Q ni mwendo usiozidi kilomita 160 kwa saa likiwa zima na katika mazingira yake. Fundi anasema malalamiko anayoletewa zaidi hayahusu ajali. Watu humlalamikia kwamba tairi limekwisha upesi, kwamba gari linaogelea. Wanaishia kulaumu barabara.

Matairi ya theluji ya Ulaya hujitambulisha kwa mchoro: mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake. Tangu Oktoba 2024 Ujerumani inautambua mchoro huo peke yake kwa majira ya barafu. Herufi M+S, zilizokubalika zamani, hazitoshi tena, na dereva anayekamatwa barabarani kwenye barafu bila tairi linalofaa hutozwa faini ya euro 60. Madereva wengi huko wana seti mbili za magurudumu na hubadilisha kila msimu. Huku kwetu hakuna msimu wa kuyafunga. Hata Njombe na Makete, ambako asubuhi za Juni na Julai huja na baridi kali, jua la mchana na lami kavu havilitaki tairi hilo.

Akishasoma neno la ubavuni, fundi hutafuta namba. Hulowesha kitambaa, hufuta vumbi ubavuni na kuzitafuta tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka: 3214 ni wiki ya 32 ya mwaka 2014. Wakati mwingine huwa upande wa ndani, na inabidi alale chini ya gari azisome. Mpira huzeeka hata ukiwa haujatembea. Michelin hushauri tairi likaguliwe na fundi kila mwaka baada ya miaka 5 ya matumizi, na likifikisha miaka 10 tangu litengenezwe libadilishwe, la akiba likiwemo, hata kama kashata zimejaa. Mwigizaji Paul Walker alipofariki kwa ajali ya gari Marekani mwaka 2013, wachunguzi walisema chanzo kilikuwa mwendo kasi, lakini walibaini pia kwamba gari lile la kifahari lilikuwa na matairi ya umri wa miaka 9.

Hapa fundi hubadilika sauti. Linalomuuma kuliko tairi la theluji ni tairi la akiba, kwa sababu hakuna anayelitazama. Anafungua buti la gari la mwaka 2006 na kukuta spea ya 2006, haijawahi kugusa ardhi, mpira umekakamaa na una nyufa kama nywele. Mwenye gari husema ni jipya. Kwenye magari yanayolibeba chini ya tumbo, mnyororo wake umeshika kutu na nati haifunguki. Ukienda kulihitaji usiku njiani kwenye mlima wa Kitonga, utajua ni tairi au ni pambo.

Kisha kuna ile spea nyembamba. Maandishi yake yako wazi: mwendo usizidi kilomita 80 kwa saa, na upepo uwe kPa 420, yaani PSI 60. Madereva wengi huijaza 32 au 35 kama matairi mengine, nayo hupondeka chini ya mzigo. Wengine huifunga na kusahau, wakatembea nayo wiki nzima. Ushauri wa fundi hauna mzunguko: kwa gari linalovutwa na magurudumu ya mbele, pancha ikitokea mbele, chukua tairi zima la nyuma ulilete mbele, na spea nyembamba uifunge nyuma, ili difu isiteseke kwa magurudumu yasiyolingana. Halafu nenda kwa fundi aliye karibu, usiende safari. Magari mengi madogo ya miaka ya karibuni hayana spea kabisa. Yana pampu na chupa ya dawa ya kuziba, nayo dawa hiyo ina tarehe ya kuisha.

Kwenye nati hana mzaha. Zilegezwe kabla jeki haijainua gari, magurudumu ya upande wa pili yakiwa yamezuiwa kwa mawe. Kutu na mchanga vifutwe pale rimu inapokutana na habu. Nati zikazwe kwa kuvuka vuka, moja huku na nyingine ng'ambo yake, bila kupaka oili kwenye nyuzi zake, na zirudiwe baada ya kilomita 50 hadi 100. Mtu kurukia spana kwa miguu miwili, anasema, ni kuzikata nyuzi za nati.

Yako maswali ambayo kibanda cha Ilala hakiwezi kuyajibu. Gari likikaguliwa kabla ya kupakiwa melini, nani anasoma neno lililo ubavuni? Askari wa usalama barabarani anayepima kashata ana sababu gani ya kulikamata tairi lenye kashata nene? Na fundi akikataa kuliuza, je, hasara yake atafidiwa na nani, ikiwa jirani yake atalichukua kwa bei ile ile na kuliuza kabla ya adhuhuri? Lile tairi lina mnunuzi, na mnunuzi ana familia.

Msomaji mwenye gari afungue buti leo, si siku ya safari. Asome tarakimu nne za spea, apime upepo wake, ajaribu kama jeki inapanda na spana inaingia kwenye nati. Akinunua la mtumba, aombe kitambaa chenye maji na afute ubavu wote, pande mbili. Akiliona neno STUDLESS au mlima wenye theluji, aliache hapo hapo, hata kama kashata zinamwita.