Mzee wa Nyumbani Asikose Mshindani

Ndugu askari, wengi miongoni mwenu mmezaliwa Arua, Koboko na sehemu nyingine za West Nile, na hivi sasa mko makambini na vituoni mbali na kwenu. Kila mwisho wa mwezi mnatuma fedha nyumbani. Fedha hizo hununua sabuni, sukari na dawa, na hapana atakayewalaumu. Lakini tulipopita huko katika majira ya mvua tuliona jambo ambalo fedha peke yake haziwezi kulitengeneza: mzee aliyekaa kitini tangu asubuhi hadi jioni, miguu imekataa, macho yameelekea mlangoni, na hapana mtu wa kumwambia, "Mzee, tucheze."

Tulimkuta mmoja wa namna hiyo katika mtaa mmoja wa mji wa Arua. Aliandikishwa jeshini miaka ya 1960 na kufunzwa kwata huko Jinja. Mwaka 1980 alikuwa miongoni mwa maelfu waliokimbilia Sudan na Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati ule. Akarudi, akalima, akasomesha watoto. Sasa magoti yake yamevimba, na hawezi kufika hata kwenye mwembe ulioko uani, mahali wanapokutana wenzake. Kijana wake ni polisi katika wilaya ya mbali.

"Siumwi na magoti tu," alituambia kwa Kiswahili chake cha jeshini. "Naumwa na kukaa bure. Hata lindo lina mwisho wa zamu."

Twadhani kila msomaji wetu aliyewahi kusimama lindoni usiku ameelewa. Tena anaijua dawa yake, kwa sababu kambini, zamu ikiisha, hapakosi drafti ya vizibo vya soda, ludo, au karata za matatu. Mzee huyu aliyajua hayo yote kabla yetu. Miguu ilipomwacha, wachezaji wenziwe walimwacha pamoja nayo, bila nia mbaya. Walibaki chini ya mwembe naye akabaki ndani.

Mchezo unaofaa kuliko yote, kwa maoni yetu, ni mweso. Ubao wake una safu 4 za mashimo 8, yaani mashimo 32, na kete 64, kila mchezaji akiwa na 32. Waliowahi kukaa pwani watasema hilo ni bao, na hesabu ni ile ile kweli; ila fundi wa bao la pwani huanza na kete 22 za akiba, akiziingiza mchezoni moja moja, ilhali katika mweso kete zote huwa ubaoni tangu mwanzo. Kwa mzee aliyepigwa na kiharusi na kubakiwa na mkono mmoja, hiyo ni nafuu, maana hana akiba ya kutunza. Na ule mkono mgonjwa, ukiweza japo kidogo, upewe kazi ya kuokota kete. Kuokota na kuachia ni mazoezi ya vidole ambayo hayachoshi kwa sababu yana ushindani ndani yake.

Ubao si lazima ununuliwe. Askari aliye likizoni na patasi mkononi huweza kuuchonga kwa siku mbili. Achimbe mashimo mapana kuliko kawaida, kwa ajili ya vidole vinavyotetemeka, na kete ziwe kokwa za ukwaju au vijiwe visivyoteleza. Ubao ukae juu ya meza au kigoda imara, wala si mapajani, nao usogezwe karibu na mlango penye nuru. Mzee ambaye macho yamefifia asinyimwe mchezo: mashimo na kete huhesabika kwa kupapasa. Kwa drafti, vizibo vya upande mmoja vilazwe kifudifudi na vya upande wa pili chali, avitambue kwa kidole.

Mwaka 2003 jarida la tiba la Marekani, New England Journal of Medicine, lilichapisha uchunguzi wa wazee 469 wa New York, wote wenye umri wa zaidi ya miaka 75, waliofuatiliwa kwa miaka kadhaa. Waliozoea kusoma, kucheza michezo ya ubaoni, kupiga ala za muziki na kucheza dansi walipatwa kwa uchache zaidi na maradhi ya kupoteza kumbukumbu na fahamu. Hiyo si hoja ya kuupeleka mweso kwenye duka la dawa. Huenda wenye akili iliyo timamu ndio waliopenda kucheza. Lakini hatujasikia mtu aliyedhuriwa na drafti, isipokuwa kwa hasira.

Na hasira hiyo ina maana yake. Tuliona kijana mmoja, kwa wema wake, akimwachia babu yake ashinde mara tatu mfululizo. Mara ya nne mzee alifagia kete zote kwa kiganja. "Unanichezea kama mtoto," alisema. Basi, ndugu askari, usimwachie mzee. Mshinde ukiweza. Mtu ambaye siku nzima analishwa, anavishwa na kuinuliwa anahitaji japo saa moja ambayo mwenziwe anamwogopa.

Koboko tulikuta hali tofauti kidogo. Huko, kama mahali pengi, akina bibi hawana desturi ya kuketi kwenye mweso, lakini mikono yao haijastaafu. Wanawake wa Kinubi, wa Koboko na wa Arua, wanajulikana kwa kusuka makawa na vikapu vya rangi nyingi. Bibi mmoja aliyevunjika nyonga alikuwa akisuka kitandani, ameegemea mto, huku wajukuu wakimpelekea ukindu na kumtegea vitendawili. Aliyeshindwa kutegua alitumwa maji. Bibi hakutumwa hata mara moja tulipokuwapo.

Wako pia wenye ujuzi wa adungu, kinanda cha nyuzi cha Waaluri kinachopigwa mtu ameketi. Redio nayo si haba. Radio Pacis ya Arua ilianza kutangaza mwaka 2004 na wazee wengi huisikiliza. Ila redio humwambia mzee mambo, haimuulizi lolote.

Limebaki jambo la viungo. Mtu akikaa bila kujisogeza, miguu huvimba, misuli hulegea, na damu huweza kuganda mishipani. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linahimiza hata wazee na wenye ulemavu wafanye mazoezi kadiri ya uwezo wao. Hapa askari ndiye mwalimu hasa. Kiti kisicho na magurudumu kiegemezwe ukutani; mzee akae wima, anyanyue visigino mara 10, anyooshe goti moja kisha la pili, halafu apige kwata papo hapo kitini, kushoto, kulia. Mpira wa matambara wa kurushiana na wajukuu huwafaa wote wawili. Akihisi kizunguzungu au maumivu ya kifua, aache mara moja na apelekwe kituo cha afya.

Yule mzee wa Arua tulimjaribu. Tulipomwamuru apige kwata kitini, alituuliza kwanza vyeo vyetu. Tukakiri kwamba hatuna. Akaamuru mwenyewe, kwa sauti iliyowafanya majirani wachungulie dirishani, na mmoja wao, mzee wa makamo yake, akaingia ndani kutazama kuna nini. Tulipoondoka walikuwa wamekwisha kupanga vizibo, wakibishana nani aanze.