Upepo ufike chini, siyo kelele tu

Santrali ya Matebe, hapa kwetu Rutshuru, inatoa megawati 13,8 tangu Desemba 2015. Lakini kwenye mashimo mengi umeme bado unatoka kwa grupe, na mashine ya upepo tunayofunga ni ile ndogo iliyotengenezwa kwa kupuliza majani ya bustani. Inalia sana pa mlango wa shimo. Kule chini mwenzetu anapumua joto.

Mara nyingi mashine haina kosa. Kosa iko kwa tuyo. Tuyo ya upana nusu inadai nguvu karibu mara 32 ili ipitishe upepo uleule! Basi tutafute tuyo pana, tuinyooshe, kila tundu tulifunge. Mdomo wake ufike karibu na pale watu wanapochimba, siyo kubaki katikati ya galeri.

Waya nao. Ukiwa mwembamba na mrefu, umeme unafika na nguvu kidogo, moteri inazunguka polepole na kupata moto. Chujio tulipanguse kila asubuhi, vumbi yetu tunaijua.

Sasa ile inayoua. Mashine inavuta hewa ya pale ilipo. Grupe ikiwa karibu, tunawatumia wenzetu moshi ndani ya tuyo, na sumu yake, CO, haina harufu. Mshumaa hauonyeshi kitu: unaendelea kuwaka. Grupe ikae mbali, upande ambao upepo unaenda, na isishushwe shimoni hata siku moja. Mwenye shimo akikataa kununua waya mrefu na mnene, sisi hatushuki.