Nani Hulipia Faraja ya Mtandaoni?

Miongoni mwa bidhaa zilizoingia sokoni katika robo hii ya karne, hakuna yenye sura ya ajabu katika daftari la hesabu kuliko programu za tiba ya nafsi ziendeshwazo kwa intaneti, ambazo kwazo mtu mwenye wasiwasi usiomwacha, au sonona, au maumivu sugu ya mgongo na viungo, huketi mbele ya kompyuta au simu yake akafunguliwa masomo machache ya kumfahamisha jinsi fikra, mwenendo na mwili vinavyovutana ndani yake, kisha akapewa mazoezi ya kufanya kabla ya kufunguliwa somo lifuatalo. Kulitunga somo la namna hiyo, na kulijaribu kwa wagonjwa mpaka lipate ithibati ya wataalamu, ni gharama kubwa. Bali likiisha kutungwa, kumpa mtu wa elfu kumi hakuzidi sana gharama ya kumpa mtu wa kwanza. Tajiri aonaye hesabu hiyo mate humdondoka. Walakini habari za biashara hii kwa miaka ishirini na zaidi zashuhudia kwamba waliosimama imara ni wale waliompata mtu wa kulipa, na mtu huyo aghalabu si mgonjwa mwenyewe.

Elimu iliyomo ndani ya masomo hayo si ngeni. Asili yake ni tiba ya fikra na mwenendo, ambayo Aaron Beck, tabibu wa Philadelphia, aliijenga katika miaka ya 1960, na kwa kuwa ni tiba yenye hatua zinazofuatana, kazi za nyumbani na vipimo vya mara kwa mara, ilikubali kuhamishiwa katika mashine kwa wepesi ambao tiba nyingine za mazungumzo hazikuupata. Mwaka 2001 Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia, mjini Canberra, kilitoa programu ya MoodGYM, ikatumiwa na watu wa nchi nyingi. Mwaka 2007 Huddinge, kando ya Stockholm, tiba ya intaneti ilifanywa kuwa sehemu ya huduma za kawaida za hospitali. Mwaka 2010 Chuo Kikuu cha Regina, katika Kanada, kilianzisha kitengo chake cha tiba hiyo. Na mwishoni mwa 2012 Chuo Kikuu cha Macquarie, mjini Sydney, kilifungua MindSpot, zahanati isiyo na vitanda wala benchi la kungojea, inayogharimiwa na serikali ya Australia, ambako katika miaka yake saba ya kwanza vilianzwa vipimo zaidi ya 120,000 vya watu waliokuja kubisha hodi. Msomaji wa kurasa hizi atakuwa amekwisha kuona kwamba katika orodha hiyo hamna mfanyabiashara hata mmoja.

Sababu ya Regina kufanya hivyo yafahamika kwa kutazama ramani. Jimbo la Saskatchewan, kilimo chuo hicho, ni pana kuliko Kenya nzima, ilhali wakazi wake ni milioni moja na kidogo. Mwanasaikolojia akipatikana huwa mjini, na mkulima wa ngano aliyeshikwa na ghamu huenda akawa mbali naye kwa mwendo wa saa kadhaa za gari katika theluji. Kwa serikali ya jimbo, kuwalipa watabibu wachache wakawaandikia wagonjwa barua na kuwapigia simu kila juma ni nafuu kuliko kumpeleka mtabibu kila kitongoji, na mkazi wa jimbo hatozwi kitu. Tena masomo yenyewe, matano kwa muda wa majuma manane, hayakubuniwa yote Regina, bali asili yake ni Macquarie, upande wa pili wa dunia.

Katika maumivu sugu ndipo hesabu ya ujira wa mtabibu inapovutia zaidi. Mgonjwa wa namna hii aghalabu amekwisha kuzunguka kwa madaktari wa mifupa, amepigwa picha, amekunywa vidonge, na maumivu hayajamtoka. Siku ya nafuu hufanya kazi zote zilizolala, kisha hulipa kwa siku tatu za kitanda, na kidogo kidogo huanza kuogopa kila kuinama. Kozi ya Macquarie humfunza kuigawa kazi kwa kipimo, kuutambua woga wake, na kurudia polepole aliyoyaacha. Mwaka 2015 wataalamu wa chuo hicho walitangaza jaribio la watu 490, waliogawanywa makundi: wengine waliwasiliana na mtabibu kila juma, wengine walipotaka wenyewe, wengine hawakuwasiliana naye isipokuwa kwa dharura, na wengine waliwekwa kungoja. Kundi la kwanza lilikula wastani wa dakika 68 za mtabibu kwa kila mtu, la pili dakika 13, na la tatu dakika 5. Nayo makundi yote matatu yalipata nafuu iliyokaribiana, yakawashinda waliongoja. Mwenye mtaji akisoma habari hiyo atasema amefuzu, kwa maana dakika tano za mshahara ni karibu na bure.

Asikimbilie. Mwaka huohuo jarida la madaktari wa Uingereza lilichapisha jaribio lililoongozwa na Chuo Kikuu cha York, la wagonjwa 691 wa sonona waliotoka katika zahanati za kawaida, ambao baadhi yao walipewa MoodGYM, na wengine programu ya biashara iitwayo Beating the Blues, iliyokuwa imekwisha kupendekezwa na serikali tangu mwaka 2006. Na hakuna iliyozidi huduma ya kawaida ya daktari. Sababu haikuwa ubaya wa masomo, bali hayakusomwa: katika programu ya biashara chini ya mtu mmoja kwa watano alifika mwisho, na katika ile nyingine walikuwa wachache zaidi. Kwa maoni yangu tofauti kubwa ni hii, kwamba watu wa Sydney waliomba wenyewe kuingia, tena barua za kuwakumbusha ziliwafuata wiki kwa wiki, ilhali wale wa Uingereza walikuwa wamekwenda kwa daktari wao wakiwa hoi, wakakabidhiwa anwani ya tovuti na simu fupi za kuwahimiza. Kampuni inayouza kwa wagonjwa wa namna hii ya pili hupata watu wengi wanaofungua mlango na wachache wanaokaa.

Marekani, ambako hapana serikali ya kuwalipia wote, soko lilipasuka njia mbili. Walioshika njia ya kwanza waliuza mtu, si somo: BetterHelp, iliyoanzishwa 2013 na kununuliwa na Teladoc mwaka 2015, iliwaunganisha wateja na washauri kwa ada ya dola 60 hadi 90 kwa juma, na kufikia 2023 mapato yake yalipita dola bilioni 1 kwa mwaka. Ni fedha nyingi, lakini mteja wa namna hii hutafutwa kwa matangazo, na akiondoka lazima atafutwe mwingine. Katikati ya 2024 Teladoc ilifuta dola milioni 790 katika vitabu vyake kwa ajili ya kushuka kwa thamani ya tawi hilo. Walioshika njia ya pili waliuza programu tupu kama dawa. Pear Therapeutics, ambayo programu zake zilihusu uraibu wa dawa za kulevya na kukosa usingizi, majirani wa maradhi tunayoyazungumza, ilipata kibali cha mamlaka ya dawa kwa programu yake ya kwanza mwaka 2017, madaktari wakaruhusiwa kuiandika katika cheti. Lakini kampuni za bima nyingi zilikataa kulipa, na Aprili 2023 Pear ikatangaza kufilisika, mali zake zikanadiwa kwa dola milioni 6 hivi. Woebot, programu ya kuzungumza na mashine iliyojulikana sana tangu 2017, iliwafungia watumiaji wake mlango tarehe 30 Juni 2025.

Katika biashara hii pana rasilmali nyingine isiyoandikwa katika mizania, nayo ni siri za watu. Mwaka 2023 tume ya biashara ya Marekani iliitoza BetterHelp dola milioni 7.8 kwa kuwapasha wenye mitandao ya matangazo, Facebook miongoni mwao, habari za wateja walioahidiwa kufichiwa siri. Ufini ilionja uchungu zaidi: kampuni ya Vastaamo, ambayo wagonjwa wake walionana na watabibu ana kwa ana lakini kumbukumbu zao zikawekwa katika kompyuta, iliibiwa mafaili ya watu wapatao 33,000, na Oktoba 2020 mwizi akawaandikia wagonjwa mmoja mmoja akidai yuro 200, la sivyo waliyomwambia mtabibu yangeanikwa hadharani. Kampuni ilikufa mwaka uliofuata. Kenya ina sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi tangu 2019 na Tanzania tangu 2022, na hojaji ya maswali tisa itumiwayo duniani kupima sonona imekwisha kufasiriwa kwa Kiswahili na kutumika katika utafiti wa nchi zote mbili; kwa hiyo atakayetaka kufungua duka la namna hii Mombasa au Dar es Salaam amekwisha kuwekewa kipimo pamoja na hakimu, na kinachobaki ni mlipaji.

Ujerumani ndiyo iliyomtafuta mlipaji kwa sheria. Kwa mujibu wa sheria ya 2019, programu iliyokubaliwa na mamlaka huandikwa katika rejista, na daktari akiiagiza, mfuko wa bima hulipa. Programu za kwanza ziliingia Oktoba 2020. Mwaka wa mwanzo muuzaji hujipangia bei, na hapo macho yaliwatoka wenye mifuko, kwa kuwa velibra, ya wasiwasi, iliuzwa yuro 476 kwa siku 90, na deprexis, ya sonona, yuro 297.50, ilhali nakala ya ziada haimgharimu muuzaji karibu kitu. Baada ya hapo bei hujadiliwa, na aghalabu huteremka. Na sheria mpya ya 2024 imeamuru kwamba kuanzia 2026 angalau asilimia 20 ya bei ifungamane na matokeo. Kuwafuatilia wagonjwa na kuyathibitisha matokeo hayo kwataka watumishi na fedha, jambo litakalowaelemea wenye mitaji midogo. Si ajabu basi kwamba watengenezaji wa dawa wamekwisha kuingia: programu ya Rejoyn, iliyopata kibali cha sonona Marekani mwezi wa Machi 2024, ni ya Otsuka ya Japani pamoja na mshirika wake, na ile ya maumivu sugu ya HelloBetter, huko Ujerumani, huuzwa ikiwa na jina la ratiopharm, kampuni ambayo jina lake Wajerumani wamezoea kuliona juu ya visanduku vya vidonge.